Handaki la Sutro: maji yakatoka, fedha ikawa imekwisha

Tarehe 8 Julai 1878, chini ya mji wa Virginia City katika jimbo la Nevada, Marekani, baruti ya mwisho ililipuliwa na ukuta wa mwamba ukatoboka. Upande mmoja kulikuwa na handaki lenye urefu wa futi 20,489, yaani kilomita sita na robo. Upande wa pili kulikuwa na mgodi wa Savage. Upepo wa moto ukavuma kupitia lile tundu. Mwaka huo joto la mwisho wa handaki lilikuwa limepanda hadi nyuzi 43 za Selsiasi na zaidi. Adolph Sutro, mfanyabiashara aliyekuwa amelipigania handaki hilo la kutoa maji migodini tangu 1860, alikuwa kifua wazi. Akajipenyeza kwenye tundu lenye kingo kali, akatokea mgodini.

Alikuwa amefika.

Lakini migodi aliyokuja kuikausha ilikuwa imeshateremka kumpita. Handaki lilikutana na Savage kwenye kina cha futi 1,640, takriban mita 500. Migodi kadhaa ya pale pale ilikuwa imevuka futi 2,000 na bado ilikuwa inashuka.

Kwa wiki kadhaa swali moja limeniganda kichwani. Je, handaki hili lilichelewa tu, au kina chake kilikosewa tangu siku ya kwanza? Mwanzoni nilikuwa na jibu jepesi. Sasa sinalo.

Hesabu ya pampu

Mchimbaji mdogo wa Geita anayenunua petroli ya pampu kila asubuhi kabla ya kushuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, hahitaji kuelezwa shida hii. Maji huingia usiku na mchana, uwe umepata mbale (mawe yenye madini) au hujapata. Usipoyatoa leo, kesho huna mgodi.

Mwamba wa Comstock, ulio chini ya Virginia City na uliogunduliwa mwaka 1859, ulikuwa na madini mengi ya fedha na dhahabu, na ulikuwa na maji kupita kiasi. Tena maji ya moto. Kwenye kina cha futi 3,000 upande wa mji jirani wa Gold Hill yalifika nyuzi 77 za Selsiasi, joto la kumbabua mtu ngozi. Yalikuwa yamefungiwa nyuma ya kuta za udongo mgumu ndani ya mlima. Mtu akitoboa ukuta huo bila kujua, shimo zima hujaa.

Dawa ya wakati ule ilikuwa pampu ya mvuke ya aina ya Cornwall. Juu ya ardhi kuna injini. Injini huinua mti mmoja mrefu, uliounganishwa kwa magogo yaliyofungwa vyuma, unaoning'inia hadi chini ya shimo. Uzito wa mti huo unaposhuka ndio unaoyasukuma maji juu, ngazi kwa ngazi, kila pampu ikiyakabidhi kwa iliyo juu yake. Mti unavyorefuka ndivyo unavyokuwa mzito, na hapo lazima ufungiwe mizani ya kuusawazisha njiani. Kiungo kimoja kikikatika, kila kilicho chini yake kinaanguka, na maji hayasubiri ufundi ukamilike.

Kisha weka gharama. Handaki lilipokuja kufanya kazi, lilitoa takriban galoni milioni 3.5 hadi 4 kwa siku, sawa na lita milioni 13 hadi 15. Kuinua maji hayo mita 500 hadi juu ya ardhi kunataka nguvu ya kilowati 740 hadi 850 bila kupumzika, kabla hujahesabu nguvu inayopotea kwenye mashine zenyewe. Nguvu yote hiyo ilitoka kwenye kuni. Misitu ya milima ya Sierra Nevada iliteketea kwa ajili ya matanuri ya Comstock na matimba yake, yaani magogo ya kushikilia mwamba usiporomoke.

Handaki linaondoa hesabu hiyo yote. Unachimba mara moja, na mteremko unafanya kazi milele.

Kina unachagua siku ya kwanza

Hapa ndipo penye ugumu, na naona wengi wanaoandika kuhusu Sutro wanapapita haraka.

Shimo la wima unaweza kuliongeza. Leo futi 1,000, mwakani 1,300. Handaki la maji haliongezeki. Mdomo wake ukishauweka mahali, kina chake kimeamuliwa, kwa sababu lazima sehemu nzima ipande kidogo kidogo kutoka mdomoni kwenda mgodini, la sivyo maji hayatoki. Ukitaka kina zaidi, lazima uuhamishe mdomo uende kwenye ardhi ya chini zaidi, na ardhi hiyo iko mbali zaidi.

Sutro alichagua bonde la mto Carson, karibu na Dayton. Kwa hesabu rahisi, kila mita moja ya kina ilimgharimu mita 12 na nusu za kuchimba. Mwaka 1866, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kumruhusu, hakuna mgodi wa Comstock uliokuwa umekaribia futi 1,640. Kina hicho kilionekana kikubwa mno.

Miaka 12 baadaye migodi ilikuwa imekipita.

Kwa hiyo alikosea? Nilidhani hivyo, mpaka nilipokaa na kalamu. Chukua mgodi wenye kina cha futi 2,200. Bila handaki, pampu inainua maji futi zote 2,200. Likiwepo handaki, inainua futi 560 tu, inayamwaga handakini, na yanajiendea yenyewe. Hiyo ni robo ya kazi. Hata kwenye futi 3,000, kazi inayobaki haifiki nusu. Handaki lililopitwa na mgodi bado linaubeba mgodi. Ukweli huu wenye migodi waliujua vizuri kabisa, na tabia yao ya mwaka 1879 inathibitisha. Nitarudi hapo.

Benki, na dola mbili kwa tani

Mpango wa fedha ulikuwa mwepesi kuuelewa. Makampuni ya migodi yangelipa dola 2 kwa kila tani ya mbale itakayochimbwa, na Sutro angewaletea njia ya maji, hewa na usafiri. Makampuni makubwa yalitia saini mwaka 1866. Mwaka uliofuata yakageuka.

Aliyeyageuza ni Bank of California, kupitia mtu wake wa Virginia City, William Sharon. Benki hiyo ilikuwa imeshika madeni ya migodi na visagio, yaani mitambo ya kusaga mbale. Sutro alitaka mbale ishuke kwa reli ndani ya handaki hadi kwenye visagio vipya mdomoni, kando ya mto. Jambo hilo lingeviacha visagio vya benki bila kazi, na baadaye reli yake ya Virginia & Truckee pia. Hata mji wa Virginia City wenyewe ungebaki juu mlimani bila sababu ya kuwepo.

Tarehe 7 Aprili 1869 moto ukawaka ndani ya mgodi wa Yellow Jacket. Wachimbaji wasiopungua 35 walikufa, wengi kwa moshi, wakiwa hawana njia nyingine ya kutokea ila shimo lile lile lililokuwa linavuta moto. Sutro aliwaeleza wachimbaji kwamba handaki lingekuwa mlango wa pili. Chama chao kikachanga dola 50,000. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo kazi ikaanza.

Huu ndio msingi wa jibu langu jepesi la mwanzo, kwamba benki ndiyo iliyolichelewesha handaki. Miaka ya 1867 hadi 1869 iliibiwa, na baada ya hapo Sutro akalazimika kutafuta mtaji hadi London.

Uchungu wa jambo hili unaonekana ukitazama mwaka 1873. Mwaka huo mgodi wa Consolidated Virginia ulipiga hazina kubwa kuliko zote za Comstock. Ilikuwa kati ya takriban futi 1,200 na 1,600.

Juu ya kina cha handaki!

Mzigo huo wote ungeweza kuporomoka kwa uzito wake wenyewe hadi usawa wa handaki na kutoka kwa matoroli. Badala yake ulivutwa juu kwa winchi za mvuke, ndoo kwa ndoo. Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1877. Handaki likafika 1878.

Mashimo mawili yaliyofurika

Lakini benki haikuchimba mwamba, na mwamba ulikuwa na sauti yake. Hapa ndipo jibu langu lilipoanza kuyumba.

Handaki la maji huanzwa mdomoni, chini kabisa, ukipanda. Maji unayoyakuta yanapita nyuma yako na kutoka. Toroli lililojaa kifusi linateremka, tupu ndilo linalovutwa kupanda. Kila kitu kinakusaidia. Tatizo ni kwamba una uso mmoja tu wa kuchimba, na watu wanaoenea pale ni wachache. Urefu wa kilomita sita kwa uso mmoja ni kazi ya miaka mingi.

Ili kuharakisha, unachimba mashimo ya wima juu ya mstari wa handaki. Ukifika usawa wake, kila shimo linakupa nyuso mbili, moja kwenda mlimani na moja kwenda mdomoni. Mstari unashushwa kwa timazi mbili ndefu zenye uzito mkubwa, zikitulizwa kwenye ndoo za maji au mafuta ili zisiyumbe. Kutoka kwenye nyaya hizo mbili fundi anasoma uelekeo. Zinatengana hatua chache tu, kwa hiyo kosa la milimita pale linakuwa mita nzima mbele.

Sutro alipanga mashimo manne. La kwanza lilishuka futi 523, la pili 1,041. La tatu na la nne, yaliyo karibu zaidi na mlima na marefu zaidi, yaliachwa. Yalijaa maji.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi bila kuitilia maanani. Siku nilipoiangalia kwenye mchoro wa nyuso za kuchimba, picha ilibadilika. Uso unaotoka chini ya shimo kwenda mlimani hurudisha maji yake shimoni. Unaokwenda mdomoni huyakusanya miguuni pa wachimbaji. Hakuna unaotoa maji wenyewe hadi ukutane na handaki lenyewe. Maana yake kila shimo linadai pampu zake, kuni zake na mafundi wake, jambo lile lile ambalo handaki lilikusudiwa kuliondoa. Mashimo mawili yalipokufa, nyuso nne zilikufa nayo, tena upande wa mbali, ambako zilihitajika kuliko kokote. Nusu ya njia ikabaki na uso mmoja.

Pia kulikuwa na suala la zana. Miaka ya kwanza ilikuwa nyundo na tindo, na ilikuwa nadra kufika futi 200 kwa mwezi. Mabadiliko yalikuja na mashine za Burleigh za kutoboa mwamba, zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Mwaka 1875 peke yake zilichimbwa zaidi ya futi 3,700, wastani wa futi 300 na ushei kwa mwezi. Hewa ya mashine hizo, ikishamaliza kazi ya kugonga, ndiyo iliyowapumulisha watu. Baghala waliokuwa wakivuta matoroli waliijua faida hiyo: walikuwa wakisogeza vichwa kwenye mdomo wa bomba la hewa na kugoma kuondoka.

Piga hesabu na mimi. Kwa mwendo wa 1875, futi 20,489 zinataka miaka mitano na nusu. Kwa mwendo wa tindo, zaidi ya miaka kumi. Hata kama benki isingetia mguu na kazi ingeanza 1867, bila mashine na bila mashimo mawili ya juu, handaki lisingeikuta hazina ya 1873. Labda lingeikuta mwisho wake.

Kwa hiyo sasa nasema hivi: benki ilikula miaka miwili au mitatu, maji ya shimo la tatu na la nne yakala iliyobaki. Sijaridhika na mgawo huo, lakini ni wa haki kuliko ule wa mwanzo.

Udongo unaovimba

Kuna adui wa tatu ambaye hasemwi sana. Mwamba wa eneo lile, ulioozeshwa na maji moto kwa karne nyingi, mahali pengine umekuwa udongo. Ukiupatia hewa na unyevu, unavimba. Unakunja nguzo za matimba zenye unene wa paja la mtu, unainua sakafu, reli zinapinda na mfereji unapoteza mteremko.

Udongo huo haushindwi kwa kuongeza mbao. Unaupa nafasi. Acha pengo nyuma ya mbao za pembeni, chonga udongo unaojitokeza kila mara, badilisha nguzo inapoanza kupasuka nyuzi bila kusubiri ikatike. Ni kazi ya kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka gharama hiyo inapokatwa kwenye bajeti, ndio mwaka handaki linapoanza kufa.

Sanduku la mbao

Mwanzoni mwa 1879 ilionekana wazi handaki lilikuwa na thamani gani. Maji yalizizidi pampu za migodi ya Savage na Hale & Norcross, na wakayamwaga handakini bila mkataba wowote. Maji ya moto yakawatoa wafanyakazi wa Sutro mbio. Sutro akaanza kujenga ukuta wa kuyazuia maji hayo. Migodi ingezama.

Wakakaa mezani. Mkataba mpya wa mwaka huo ukashusha malipo hadi dola 1 kwa tani yenye thamani isiyozidi dola 40, na dola 2 kwa iliyozidi. Watu wale wale waliosema kwa miaka 12 kwamba handaki halina faida walitia saini ndani ya wiki chache, maji yakiwa yamewafika shingoni.

Kisha matawi yakachimbwa kaskazini na kusini kufuata mwamba, ili migodi mingine nayo iunganishwe. Swali la ufundi lililobaki lilikuwa mvuke. Maji ya moto yakipita wazi kwenye mfereji, handaki zima linajaa ukungu, hakuna anayeweza kukaa ndani, na matimba yanaoza. Suluhisho lilikuwa kuyapitisha kwenye sanduku la mbao nene, lililofunikwa na kuzibwa viungo vyote. Maji yakatoka kule mdomoni yangali moto, na juu ya sanduku watu wakapita.

Sanduku la mbao, mlima kwa mto. Nalipenda kuliko mashine yoyote ya Comstock.

Mbale karibu haikupita humo. Visagio na reli vya wapinzani vilikuwa vimeshajengwa, na mbale yenyewe ilikuwa inapungua. Sutro aliuza hisa zake, akaenda San Francisco, akawa meya kuanzia 1895 hadi 1897, akafariki 1898. Oktoba 1886 pampu za shimo la Combination, lililofika futi 3,250, zilizimwa. Maji yakapanda, yakazimeza njia zote za chini za migodi, yakafika usawa wa handaki, yakasimama hapo.

Hayakupanda tena. Chochote kilichochimbwa Comstock baadaye juu ya kina hicho, kilichimbwa pakavu kwa sababu ya lile handaki.

Ninapolipima kwa hilo, neno "kushindwa" linagoma kukaa. Tatizo lilikuwa kwamba maji hayajui mpaka wa kiwanja, na hesabu za makampuni zinaujua. Ukikausha mgodi mmoja, unamkausha na jirani asiyelipa. Kila kampuni ilikuwa na sababu nzuri ya kungoja mwenzake atangulie. Huko Harz, Ujerumani, handaki la Ernst August lilichimbwa kati ya 1851 na 1864, refu kuliko la Sutro, kwa nyuso nyingi kwa mpigo. Migodi ya kule ilikuwa chini ya usimamizi wa serikali, kwa hiyo aliyelipa ndiye aliyefaidi.

Kufungua kilichoziba

Mdomo wa handaki bado upo nje ya Dayton, na tangu 2021 kikundi cha kujitolea kinafanya kazi ya kuuokoa. Ndani kuna sehemu zilizoporomoka, na nyuma ya maporomoko maji hujikusanya. Hili ndilo la hatari kuliko yote kwenye mahandaki ya namna hii.

Kila mita kumi za kimo cha maji nyuma ya kifusi zinasukuma karibu kilo moja kwa kila sentimita mraba. Kwenye uso wa mita tatu kwa tatu, hizo ni tani 90. Kifusi hakina misumari. Kinashikiliwa na matope yake tu, na koleo moja mahali pasipofaa linakifungulia. Tarehe 5 Agosti 2015, kwenye mgodi wa Gold King huko Colorado, wafanyakazi wa shirika la serikali la mazingira walichimba mlango uliozibwa wakidhani maji ya ndani yako chini. Yalikuwa juu. Galoni milioni 3 za maji yenye asidi na metali zikaingia mto Animas, na mto ukageuka rangi ya chungwa.

Hatua za busara zinajulikana. Kwanza pima maji yanayotoka mdomoni kila siku, kwa ndoo na saa kama huna kifaa. Yakipungua ghafla wakati mvua haijapungua, jua kuna kitu kimeziba ndani. Pili, usiguse kifusi kabla hujatoboa tundu jembamba, kutoka juu ya mlima ikiwezekana, ukapima kimo cha maji kilicho nyuma. Ukilazimika kutoboa kutoka mbele, bomba lenye valvu lazima liwe limeshafungwa kwa saruji kwenye mwamba mzima kabla ncha ya keekee haijafika majini. Tatu, yatoe maji polepole, kwa kiasi ambacho bwawa la chini linaweza kukipokea na kukituliza. Nne, ndipo uanze kutoa kifusi, ukipiga matimba kila hatua, na wakati wote pawe na mtu mmoja nje ambaye kazi yake ni kutazama maji peke yake.

Akiona yamebadilika rangi, kila mtu anatoka.